Vitanda vya Mwalimu wa Bweni

Sijui Mwalimu wa Bweni alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, na sikuwahi kumwuliza, ingawa karibu kila kitu kingine nilimwuliza. Nilimwuliza kwa nini kengele ya asubuhi hupigwa kabla jogoo hajawika. Nilimwuliza kama Adamu alikuwa na kitovu. Nilimwuliza kwa nini mapadri wanakula mezani na sisi tunakula mkekani, na swali hilo lilinipatia zamu ya kuteka maji wiki nzima. Alipochoka alikuwa ananitazama juu ya miwani yake, ambayo sikio moja lilishikwa na uzi wa katani, akasema:

"Bwana Kwanini, siku utakayofika mbinguni Mtakatifu Petro atakuachia funguo akimbie."

Shule yetu ilikuwa kilimani, upande wa Makuyuni, pale unapouacha mji wa Korogwe na mistari ya mkonge inaanza kukuchosha macho. Ilikuwa shule ya mapadri, enzi za Mwingereza, na kazi yake ilikuwa kututayarisha sisi wavulana wa Kizigua na Kishambaa, na wengine wachache waliotoka mbali, ili tuendelee na shule kubwa zaidi au seminari. Tangu siku ya kwanza tuliambiwa kwamba imetoa watu mashuhuri. Aliyetuambia ni Mwalimu wa Bweni, na hakutuambia kwa hotuba. Alituonyesha vitanda.

Vilikuwa vitanda vya mbao vilivyosukwa kwa kamba ya katani, na kila kimoja kilikuwa na ubao mpana kichwani. Kwenye mbao hizo kulikuwa na maandishi yaliyochomwa kwa chuma cha moto, herufi kubwa, nyingine zimepinda. Jioni ya kwanza alitupitisha na kandili kama mtu anayeonyesha wageni makaburi ya wafalme.

"Kitanda cha Daktari," alisema. "Kitanda cha Hakimu. Hiki hapa Kitanda cha Padri. Na aliyekuwa akilala hapa alikojoa kitandani hadi darasa la sita, na leo ni Malaika. Kwa hiyo mwenye tatizo hilo asikate tamaa, ila aanike godoro mapema."

Tulicheka hadi kandili ikatikisika. Kisha akanigawia kitanda changu, karibu na mlango, ambacho ubao wake ulikuwa mtupu.

"Na hiki, Mwalimu?"

"Hiki bado."

"Bado nini?"

"Bado."

Nilipojilaza nilipitisha kidole kwenye ule ubao. Ulikuwa laini, umelainishwa na vichwa vya wavulana waliolala pale kabla yangu na ambao, kwa sababu nisiyoijua, hawakustahili chochote. Tangu usiku ule nilitaka jambo moja, na nililitaka hata nilipokuwa nalicheka mbele ya wenzangu: ubao ule uchomwe kwa ajili yangu.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua cha mpiga ngoma na sauti ndogo isiyolingana na kifua hicho. Alikuwa na kanzu ya Jumapili, kaptula ya siku nyingine zote, na baiskeli ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameipanda. Aliisukuma. Aliisukuma hadi Korogwe kununua chumvi na mafuta ya taa kwa Mhindi, akaisukuma kurudi. Safari moja aliisukuma hadi Kwedizinga kumwona mgonjwa. Njiani kila aliyekuwa na mzigo aliupakia juu yake: kikapu cha muhogo, debe la maji, mbuzi mdogo aliyefungwa miguu, na mara moja bibi mwenyewe, ambaye alikaa kwenye tandiko akishikilia mabega ya Mwalimu na kuwaamkia watu kama bibi harusi.

Nilimwuliza kwa nini haipandi. Alijibu kwamba aliye juu ya baiskeli hawezi kusalimiana na watu inavyotakiwa. Anatupa salamu kama anayerusha mawe. Jibu zuri, nikaliamini kwa muda. Kisha mpishi wa shule akanisimulia kwamba zamani Mwalimu aliwahi kujaribu, kwenye mteremko wa kanisani, na walimtoa katikati ya mkonge akiwa amechomwa mahali ambapo mtu hawezi kuketi. Nilifurahi sana kuujua ukweli. Nikamwendea nikamwambia.

"Ni kweli," alisema bila aibu yoyote. "Kwani mtu hawezi kuwa na sababu mbili?"

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Alihubiri unyenyekevu asubuhi, na jioni akajisifu kwa ajili ya wanafunzi wake mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Alikataza lugha za nyumbani bwenini. Ukikamatwa unasema Kizigua unakwenda mtoni kuteka maji. Lakini siku nyundo ilipomgonga kidole akitengeneza mlango, Kizigua kilimtoka kwa wingi na kwa ufundi ambao hata sisi wenyewe hatukuwa nao. Alitutazama tulivyojipanga kusubiri, akachukua ndoo akaenda mtoni mwenyewe. Tulimfuata tukiimba. Hakuogopa nyoka, hakumwogopa Padri Mkuu, lakini aliogopa vyura. Masika yakianza na vyura wakaingia bwenini, alipanda juu ya Kitanda cha Hakimu na kutupigia kelele kutoka pale: "Mtoeni! Mtoeni yule mkubwa! Msimwue, ni kiumbe wa Mungu, lakini mtoeni!"

Alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuipa maana wakati ule. Jioni alikaa kibarazani mwa bweni, njia ya watu wa miguu ikipita chini yake, na kila aliyepita alimkaribisha maji. Baada ya salamu ndefu, hali ya nyumbani, ya mashamba, ya mvua, hakuuliza mtu anatoka wapi au anakwenda wapi. Aliuliza: "Haya, na huko njiani nani kakufaa?" Wengine walicheka. Wengine walifikiri kidogo kisha wakasimulia, na yeye alisikiliza kinywa wazi kama mtoto. Mimi niliona ni umbea wa kawaida wa mtu asiye na gazeti.

Nilipofika darasa la juu nilianza uchunguzi. Nilikuwa nimegundua kwamba watu wazima husema mambo yasiyo kweli, na niliuchukulia ugunduzi huo kama kazi niliyotumwa. Nikiwa likizo kwetu Handeni nilimtafuta Hakimu. Nilimkuta kwenye baraza la Zumbe, mtawala wetu wa jadi, na alikuwa tarishi: anayesimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi. Daktari nilimpata kwenye zahanati ya shamba moja la mkonge. Alikuwa dresa, anaosha vidonda na kufunga bendeji. Malaika alikuwa utingo wa lori, ameninginia nyuma, meno nje, anawatukana mbuzi walioziba barabara. Na Padri! Padri alikuwa amekwenda seminari kweli, akarudi kabla ya wakati akiwa na mchumba kutoka Lushoto. Sasa alikuwa gadi wa treni, bendera ya kijani mkononi na filimbi mdomoni, na watoto ambao kila safari walizidi.

Nilirudi shuleni nimejaa ushindi. Nilimweleza Mwalimu wa Bweni mbele ya bweni zima.

"Hakimu ni tarishi, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Daktari ni dresa."

"Kabisa. Na anaifanya vizuri."

"Basi vitanda vinasema uongo!"

Wenzangu waliinuka vitandani kusikiliza. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena kwa uangalifu ili uzi usikatike.

"Vitanda havisemi chochote," alisema. "Vimeandikwa tu. Lala."

Si mimi peke yangu niliyelalamika. Padri Mkuu mwenyewe, Mzungu mwenye ndevu hadi kifuani na Kiswahili kilichonyooka kama rula, alikuja siku moja kukagua, akasimama mbele ya Kitanda cha Malaika.

"Mwalimu, hili haliwezekani. Malaika hawalali."

"Ndiyo sababu kitanda chake bado kizima, Padri."

Tulisubiri radi. Padri Mkuu alikunja midomo, ndevu zikaanza kutetemeka, akatoka nje haraka, na tulimsikia akicheka njia nzima hadi kwenye nyumba ya mapadri. Neno Malaika halikufutwa. Hakuna neno lililowahi kufutwa.

Mimi nilifaulu. Nilikwenda shule kubwa, na baada yake nikapelekwa Kampala, chuo kikuu, wa kwanza kutoka shule yetu. Huko nilijifunza kushuku mambo kwa utaratibu, si ovyo kama zamani. Niliacha kuamini mengi, nikawa na marafiki ambao nao hawakuamini mengi, tukikesha kubishana hadi chai inapoa. Lakini kwa siri, katikati ya mabishano hayo ya watu wenye akili, nilikuwa nawaza ubao. Sasa hapana budi atauchoma. Niliona hata maneno: Kitanda cha Msomi. Siku nyingine, nikiwa na unyenyekevu, niliona Kitanda cha Kampala.

Likizo ya kwanza nilishuka Korogwe na suruali iliyonyooshwa na viatu vinavyong'aa, nikapanda kilima moja kwa moja hadi bwenini kabla hata ya kumwamkia mtu. Ubao ulikuwa mtupu.

Nilimkuta Mwalimu jikoni anakoroga uji na mpishi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bwana Kwanini! Karibu! Umekonda. Huko Kampala hawali?"

"Wanakula ndizi. Mwalimu, nimepita bwenini."

"Vyura wapo?"

"Hawapo. Nimeona kile kitanda changu."

"Kamba nimeibadilisha. Ile ya zamani uliimaliza kwa kujigeuza."

"Mimi ni wa kwanza kutoka hapa kufika chuo kikuu," nilisema, na niliisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto.

"Najua. Tuliimba misa nzima, mpaka mpishi akalia."

"Sikulia, moshi," alisema mpishi.

"Basi, nilifikiri kwamba labda... Kampala..."

"Kampala ni mahali, mwanangu. Mzee mmoja hapo chini kafika Nairobi, nikichomee kitanda chake Nairobi?"

"Lakini nimesoma!"

"Hata hapa ulisoma," alisema, akanipa kikombe cha uji. "Kunywa, bado moto."

Niliunywa kwa hasira, na ulikuwa mtamu, jambo lililozidi kuniudhi.

Jioni ile, nikielekea Mombo kwa ndugu, stesheni ya Korogwe nilimkuta Padri, yule gadi, ameketi juu ya gunia akila mahindi ya kuchoma. Mke wake alikuwa pembeni na mtoto mgongoni. Nilimwamkia nikamweleza kisa chote, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kunionea huruma. Alicheka hadi punje zikamruka.

"Hata mimi ananiita Padri," alisema. "Hapa hapa stesheni, mbele za watu. 'Tumsifu Yesu Kristo, Padri! Mama Padri hajambo?' Wazungu wa daraja la kwanza wanachungulia dirishani."

"Kwa nini hakufuta, wakati seminari uliiacha?"

Gadi aliacha kutafuna. "Afute? Aliandika baada ya mimi kuacha."

"Baada?"

"Hukujua? Wewe uliyeuliza mpaka kitovu cha Adamu?" Alimgeukia mkewe. "Mama, huyu ndiye yule Bwana Kwanini." Mama alinitazama kwa udadisi, kama anayetazama kitovu chenyewe. "Sikiliza. Kulikuwa na mwanamke kashikwa uchungu ndani ya treni, kabla ya Mombo. Akina mama wakamzunguka, wakanifukuza, nikabaki mlangoni. Mimi naogopa damu, bwana. Basi kwa woga nikaanza kusali kwa sauti, Kilatini chote nilichojifunza, mwanzo hadi mwisho, nikarudia. Mtoto akatoka. Baadaye yule mama akapita kwenye njia ya shule, Mwalimu akamwuliza nani kakufaa. Akasema: padri wa treni. Mwalimu akamwuliza huyo padri anafananaje. Akasema ana filimbi."

"Kwa hiyo si yeye anayebuni majina?"

"Mwalimu abuni? Barua yake ya Krismasi ni ileile kila mwaka. Majina yanaletwa. Tena yaletwe na mtu baki. Ukienda mwenyewe kujisema, au ukimtuma mama yako, hapokei. Bibi mmoja wa Kwamsisi alikuwa na kesi, haelewi kinachosemwa. Tarishi akaketi naye chini akamweleza neno kwa neno, na akamwita jina lake kwa heshima kama la malkia. Yeye bibi alijua hakimu ndiye yule. Basi ni Hakimu. Na yule utingo alimvusha mgonjwa mtoni kwa mgongo, maji kifuani. Mgonjwa alikuwa na homa, aliona mabawa." Alipuliza filimbi, akasimama, akapangusa kaptula. "Panda, Msomi, treni inaondoka."

Niliketi dirishani nikijaribu kufikiri ni nani, katika dunia nzima, anayeweza kupita njia ile na kuleta habari yangu. Nilikuwa nimewashinda watu wengi kwa hoja. Sikumkumbuka hata mmoja ambaye angesimama kibarazani kulisimulia hilo kwa furaha.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nilibadilika nikawa mwema. Hapana. Niliendelea kuuliza, na maswali yangu mengi yaliniletea hasara. Likizo moja baadaye, kwa mfano, nilikwenda bomani Handeni kutafuta cheti. Nilikuta wazee na akina mama wamekaa juani uwanjani tangu asubuhi wakisubiri kuitwa, na lile baraza pana la boma, lenye kivuli na sakafu baridi, lilikuwa tupu kabisa. Joto lilikuwa linanitoa akili. Nilimwuliza askari kwa nini watu hawakai barazani. Akasema hawakai. Nikamwuliza nani kawakataza. Akafikiri, akamwuliza karani. Karani akasema ndivyo ilivyo. Nikamwuliza ni amri ya nani, imebandikwa wapi. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na ikaonekana hakuna aliyekataza. Watu walikaa juani kwa kuwa waliotangulia walikaa juani. Basi nikawaambia wale wazee, "Ingieni kivulini, wazazi wangu, hakuna neno," wakaingia. Karani alikasirika akaninyima cheti. Nilirudi nyumbani nikitukana serikali, na kisa chenyewe nikakisahau.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi Dar es Salaam. Kabla ya kwenda nilipita Makuyuni. Nilimkuta Mwalimu wa Bweni barabarani, nywele nyeupe, anasukuma ile baiskeli, na juu yake mkungu wa ndizi wa mtu aliyekuwa akitembea nyuma yake akipiga soga. Miwani ilikuwa mipya. Uzi ulikuwa uleule, umehamishwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ngoja, usiseme jina." Alinisogelea hadi pua zikakaribia kugusana. "Bwana Kwanini!"

Tulipanda kilima pamoja. Niliapa moyoni kwamba sitauliza habari ya kitanda, na nilitimiza. Nilimwuliza habari za mpishi, za vyura, za Padri Mkuu ambaye sasa ndevu zake zilikuwa zinashikwa na mvulana wakati anakunywa supu. Tulipofika bwenini alinifungulia mlango, akakaa kando kunipisha. Niliisikia harufu kabla ya kuona: mbao iliyoungua, kali, ya siku chache tu.

KITANDA CHA BWANA SHAURI.

Nilisoma tena. Bwana Shauri ni Mwingereza anayekaa bomani na kutawala wilaya, mwenye kofia ngumu na mbwa. Kampala nilikuwa nimewasema vibaya mabwana shauri mbele ya mikutano mizima.

"Mwalimu, hiki si changu."

"Ni chako. Mzee mmoja wa Kwedizinga alipita hapa. Nikamwuliza nani kakufaa. Akasema, 'Siku hizi Handeni kuna Bwana Shauri mpya, mweusi, mwembamba. Hana mbwa. Katutoa juani akatuweka kivulini, na mpaka leo tunakaa pale pale.' Nikamwuliza, alisema nini huyo bwana? Mzee akasema, 'Alisema kwa nini, kwa nini, kwa nini.' Nikamwambia basi, mzee wangu, inatosha, namjua."

"Lakini mimi si Bwana Shauri! Tena siwataki! Tunataka waondoke!"

"Wakiondoka, si itabaki nafasi?" alisema. "Na kama hulipendi jina, nenda Kwedizinga ukabishane na mzee. Mimi naandika tu."

Nilitafuta hoja. Nilikuwa na shahada ya hoja, imefungwa ndani ya sanduku, na sikuiona hata moja. Macho yalikuwa yananiuma na nikasema ni moshi, ingawa hakukuwa na moto. Nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelingoja tangu utoto: nilijitupa chali juu ya kitanda kile, kamba zikalia, nikaweka kichwa chini ya herufi zile zilizopinda na kufumba macho.

Mwalimu wa Bweni alinipiga kidogo mguuni kwa kiganja.

"Vua viatu, wewe," alisema. "Hicho kitanda ni cha Bwana Shauri."